Siku Niliyolala Chini ya Motokaa Yangu

Wako makarani na wakulima wengi siku hizi wenye motokaa kuukuu zilizotoka Japani, nao huzitunza kama mtu atunzavyo ng'ombe wa maziwa. Huzitilia petroli, huziosha siku ya Jumamosi, na zikiugua humwita fundi. Lakini ng'ombe wake mtu humkamua kwa mikono yake mwenyewe, humjua kiwele chake na kwato zake. Motokaa yake hajapata kuitazama chini hata siku moja. Mimi nilikuwa mtu wa namna hiyo. Kwa miaka miwili nilikuwa na Toyota Probox nyeupe, ambayo kila siku ya kazi hunichukua kutoka nyumbani kwangu karibu na Elburgon hadi ofisini Nakuru, na siku za soko hubeba viazi. Sikuwa nimefungua nati yake hata moja.

Nataka kuwaeleza wasomaji jinsi nilivyobadilisha mafuta ya injini kwa mara ya kwanza, kwanza kwa sababu kazi yenyewe si ngumu kama inavyodhaniwa, na pili kwa sababu ya jambo nililolikuta chini ya motokaa ile, ambalo sikulitarajia.

RISITI SABA

Chanzo chake ni mkasa uliompata binamu yangu, ambaye ana motokaa ya aina ileile. Alikuwa akipanda mlima wa Mai Mahiu kwenda Nairobi na mzigo wa kabichi, mara taa ndogo nyekundu yenye umbo la birika ikawaka mbele yake. Alidhani ni jambo linaloweza kungoja mpaka afike sokoni. Hakufika. Baada ya dakika chache injini ilianza kugonga kama mtu apigaye bati kwa nyundo, kisha ikakwama kabisa. Fundi alipofungua sampu, yaani lile bakuli la chuma lililo chini ya injini linalohifadhi mafuta, alikuta tope jeusi zito kama lami, nalo limeziba wavu mdogo ambao mafuta hunyonywa kupitia kwake. Beringi za krenki zilikuwa zimelika. Binamu yangu aliuza ng'ombe wawili ili apate injini nyingine, nayo kuukuu.

Hasara hiyo ilinihuzunisha, lakini kilichonitia hofu ni kitu kingine. Binamu yangu alikuwa na risiti zake zote za kubadilisha mafuta. Alizitandaza mezani mbele yangu akaniuliza, "Sasa mimi nilikosa wapi?" Sikuwa na jibu.

Usiku ule nilifungua jalada langu. Mimi ni karani, na karani hatupi karatasi. Nilikuta risiti saba za gareji moja, kila moja imeandikwa vizuri: mafuta, kichujio, kazi. Kila mara nilipopeleka motokaa nilipewa kiti na gazeti, nikaketi upande wa pili wa ukuta mpaka nikaitwa kulipa. Niliamini risiti kwa kuwa kazi yangu mwenyewe ni kuandika karatasi ambazo watu huziamini. Basi nikaazimia kwamba mara ya nane nitaifanya kazi hiyo mimi mwenyewe, hata kama itanichukua siku nzima.

KAZI YA MAFUTA

Kabla ya kushika spana nilitaka kujua mafuta hayo hufanya nini, kwa maana mtu asiyejua sababu ya kazi huifanya ovyo. Kitabu kilichokuja na motokaa kimeandikwa Kijapani kitupu. Kijana wangu, aliye kidato cha tatu, akanitafutia katika intaneti kitabu cha Kiingereza cha injini hiyohiyo, ambayo Toyota waliipa jina la 1NZ-FE: injini ya silinda nne, yenye ukubwa wa sentimita za ujazo 1,496.

Watu wengi hudhani mafuta ni ya kulainisha tu. Ni kweli kwamba hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza: hukaa katikati ya chuma na chuma, hata krenki inapozunguka maelfu ya mara kwa dakika moja haigusi beringi zake, bali huelea juu ya utando mwembamba wa mafuta. Lakini pia mafuta hubeba joto kutoka mahali ambapo maji ya rejeta hayafiki, husaidia kuziba nafasi iliyo kati ya pistoni na ukuta wa silinda, hukinga chuma kisishike kutu, na tena huosha. Ndani yake mna dawa za kusafisha, na ndiyo sababu mafuta mapya huanza kuwa meusi mapema. Weusi wenyewe si dalili ya ubovu, ni dalili kwamba yanafanya kazi yake. Ubaya huanza pale yanapoachwa muda mrefu mno. Dawa zake huisha nguvu, masizi na unyevu huzidi, na mwisho wake ni lile tope alilolikuta fundi wa binamu yangu.

Katika miaka ya 1950 vitabu vya motokaa viliagiza mafuta yabadilishwe baada ya maili 1,000 hadi 3,000. Mafuta ya siku hizi ni bora zaidi, na ziko motokaa ambazo waundaji wake huruhusu kilomita 10,000 au kupita. Lakini kwa njia zetu za vumbi, na kwa mizigo tunayopakia, mimi nafuata desturi ya kilomita 5,000.

Jambo lingine lililonisumbua ni yale maandishi ya mkebeni. Nilipofika dukani Nakuru muuzaji aliniuliza, "Unataka ya namba gani, Bwana?" Kwa bahati nilikuwa nimesoma. Namba hizo zilianzishwa na chama cha wahandisi wa magari cha Marekani kiitwacho SAE, kilichoundwa mwaka 1905. Mkebe ukiandikwa 5W-30, namba ya kwanza yaonyesha jinsi mafuta yanavyotiririka wakati wa baridi, na hiyo herufi W ni kifupi cha neno la Kiingereza la majira ya baridi. Namba ya pili yaonyesha uzito wake injini ikiwa imepata moto. Mtu wa Elburgon, anayewasha motokaa alfajiri wakati wa umande mkali, asiidharau namba ya kwanza. Mafuta mazito mno huchelewa kupanda juu ya injini, na dakika hizo za kwanza ndizo zenye madhara. Kitabu changu kilitaja 5W-30, na hayo ndiyo niliyonunua, lita nne, pamoja na kichujio kipya na wosha mpya ya nati ya sampu. Nilitazama kifuniko cha mkebe kama kimefungwa barabara na hakijachezewa, maana mafuta bandia yako madukani, na mengine ni mafuta machafu yaliyochujwa kidogo na kutiwa katika mikebe mizuri. Mikebe yangu mitupu siku hizi huitoboa kabla ya kuitupa, ili asiwepo mtu wa kuijaza tena.

JEKI NA UDONGO

Nilianza kazi asubuhi ya Jumamosi uani kwangu. Nilizungusha motokaa barabarani kwa dakika kumi ili mafuta yapate joto na kutoka upesi, nikaizima, nikavuta breki ya mkono, nikachukua jeki inayokaa nyuma pamoja na gurudumu la akiba. Nilipandisha upande wa mbele mpaka nikaona nafasi ya kuingiza mabega. Tayari nilikuwa nimetandika gunia, nikapiga magoti.

"Baba, ngoja kidogo," akasema kijana wangu.

Nilimuuliza angoje nini, maana nilikuwa na haraka. Akaninyoshea kidole kwenye jeki. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na kitako cha jeki kilikuwa kikizama katika udongo polepole, kwa upole kabisa, kama mtu aketiye. Tulisimama tukitazama. Motokaa ikainama upande mmoja, jeki ikalala, na kishindo chake kikawatisha kuku mpaka nyuma ya jiko. Ukingo wa chini wa motokaa ulikuja kusimama shubiri mbili tu juu ya gunia langu.

Sikusema neno kwa muda. Mke wangu alitoka nje, akatazama gunia, akanitazama mimi, akarudi ndani. Ningependa msomaji alishike jambo hili kuliko mengine yote niliyoyaandika hapa: jeki ni ya kuinulia motokaa, si ya kuishikilia wakati mtu yuko chini yake. Hapo hapana ujuzi wala uzoefu unaosaidia. Mafundi hodari wamekufa kwa namna hiyo.

Basi tulianza upya. Kituo cha kukusanyia maziwa kilicho karibu nasi kina sakafu ya saruji, nayo baada ya saa nne asubuhi huwa tupu; niliomba ruhusa, nikaruhusiwa. Kwa mchomeaji vyuma wa jua kali niliazima stendi mbili imara za chuma, zenye miguu mipana. Tuliweka mawe nyuma ya magurudumu ya nyuma, tukainua mbele kwa jeki, tukaziingiza stendi mahali ambapo kitabu kinaonyesha, palipo na chuma kigumu, tukashusha uzito juu yake. Kisha niliisukuma motokaa kwa bega kwa nguvu zangu zote, nikaitikisa. Haikutikisika. Hapo ndipo nilipolala chini.

CHINI YA MOTOKAA

Mara ya kwanza mtu akilala chini ya motokaa huona ugeni, kama mtu aliyeingia nyumba ya jirani kwa mlango wa nyuma. Kila kitu kipo, ila hukitambui. Niliitambua sampu kwa umbo lake, na nati yake ya kumwagia mafuta ikachukua spana namba 14. Niliweka karai chini yake, nikavuta. Haikutoka. Nikavuta tena kwa nguvu zaidi, na ndipo nilipokumbuka kwamba nimelala chali, na mikono yangu imekosea upande, nilikuwa nikiikaza. Ningeendelea hivyo ningeharibu hesi, ile mifuo inayozungukia nati, na kazi ya saa moja ingekuwa kazi ya siku tatu. Kwa aliye chini, dawa ni kuitazama nati uso kwa uso na kuizungusha kwenda kushoto, kinyume cha mishale ya saa. Nilipogeuza, ililegea kwa mlio mdogo.

Zamu za mwisho nilizungusha kwa vidole, nikiwa nimeisukuma nati juu ili nisimwagikiwe. Hata hivyo ilinitoka, ikaanguka karaini, na mafuta ya moto yakanishukia kiganjani hadi ndani ya mkono wa shati. Shati lile sasa ni la kazi hii tu. Siku hizi huvaa glavu, kwa kuwa mafuta yaliyotumika yana vitu vyenye sumu, na katika majaribio ya panya yameleta saratani ya ngozi.

Mafuta yalitoka meusi tii. Niliyaacha yadondoke mpaka tone la mwisho, kisha nikayapima kwa mtungi wenye alama za lita, maana nilikuwa nimesoma kwamba injini hiyo hubeba lita 3.4 bila kuhesabu yanayokaa ndani ya kichujio. Yalipungua lita mbili na nusu. Nilipima mara ya pili nikidhani nimekosea. Kumbe nilikuwa nikiendesha kila siku kwenda Nakuru na injini yenye upungufu wa karibu lita moja, wala sikujua, kwa sababu kile kijiti cha kupimia mafuta sikuwa nimekichomoa hata mara moja. Injini yoyote, hata iliyo nzima, huweza kula mafuta kidogo kidogo, na iliyozeeka hula zaidi. Kosa hili ni langu, sikumsingizia mtu.

KICHUJIO

Yaliyobaki nilidhani ni mepesi. Kichujio cha injini hii ni mkebe mdogo wa duara unaozungushwa kwa mkono, lakini changu kilikuwa kimeshika kama kilichounganishwa kwa moto. Nilijaribu kwa matambara, kikaniteleza. Wakati huo mzee jirani yetu alikuwa amefika na madebe yake matupu.

"Karani, leo umekuwa fundi?"

"Najifunza, Mzee."

Akainama, akatazama, akashauri nikitoboe kwa bisibisi nipate mpini wa kuzungushia. Nimeona mafundi wakifanya hivyo. Shida yake ni kwamba mkebe ukipasuka katikati, hubaki na kitako kilichokwama na huna tena pa kushika. Tulikata kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, tukakikausha vizuri, tukakifunga kwa kukaza kuzunguka kichujio ili mkono usiteleze. Kijana wangu, ambaye ana vidole virefu kuliko vyangu, ndiye aliyekilegeza.

Nilikifuta ili nikitupe, na chini ya uchafu yakatokea maandishi. Yalikuwa ya Kijapani.

Mwanzoni sikuelewa. Vichujio vinavyouzwa hapa kwetu vyaweza kuwa na maandishi ya namna nyingi. Lakini kijana wangu alikwenda kufungua mlango wa dereva, akanionyesha kibandiko kidogo kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango, ambacho nilikuwa nikikiona kila siku kwa miaka miwili bila kukitia maanani. Akakipiga picha kwa simu yake, na simu ikakitafsiri. Kilisema mafuta yamebadilishwa, na kichujio kimebadilishwa, kilomita 61,240. Saa ya kilomita siku hiyo ilisoma 98,012.

Basi kichujio hicho kilifungwa na mtu wa Japani, nami nilikuwa nimekilipia mara saba tangu kifike Kenya. Kwa kilomita zaidi ya 36,000 hakikuguswa. Huenda msomaji akauliza kwa nini injini haikufa. Sababu ni kwamba ndani ya kichujio mna kilango chenye springi: karatasi ya kuchujia ikiziba, kilango hufunguka na kuyapitisha mafuta bila kuchujwa, kwa kuwa waundaji waliona ni afadhali injini ipate mafuta machafu kuliko kukosa mafuta kabisa. Kwa hiyo motokaa huendelea kwenda, na mwenyewe huendelea kufurahi, huku uchafu ukizunguka katika beringi.

Nilikaa juu ya debe la maziwa nikakishika kichujio kile kwa muda mrefu. Nilikuwa na hasira, sikatai, lakini aibu ilizidi hasira. Mtu mmoja mbali huko, nisiyejua hata jina lake, alifanya kazi yake akaiandika mahali ambapo mwenye motokaa ataiona. Nami nilipendelea karatasi za kutia jaladani.

KUJAZA

Tulirudi kazini. Nilipapasa mahali kichujio kilipokaa nikahakikisha kwamba ringi ya mpira ya zamani haikubaki pale. Ringi mbili zikikaa moja juu ya nyingine mafuta hutoka kwa nguvu punde injini inapowashwa, na watu wamemwaga lita zote barabarani kwa kosa hilo. Niliupaka mpira wa kichujio kipya mafuta safi kwa kidole, nikakizungusha mpaka mpira ukagusa injini, kisha nikaongeza robo tatu ya mzunguko kwa mkono mtupu. Nati ya sampu niliivalisha wosha mpya, nikaianza kwa vidole ili isiingie mshazari, nikaikaza kwa spana kwa nguvu ya kadiri: ukishika spana yenye urefu wa sentimita 25, ni kama uzito wa kilo 15 hivi ukining'inia mwishoni. Vijana wenye nguvu huikaza mpaka mishipa ya shingo ikatokea, na sampu ndiyo inayolipa.

Tulitoa stendi na kushusha motokaa. Kabla ya kufungua mkebe nilimuuliza kijana wangu kwa sauti, "Nati imerudi?" Akajibu, "Imerudi, Baba." Twacheka juu ya swali hilo siku hizi, lakini hatujaacha kuliuliza. Nilimimina lita tatu kwa faneli, nikangoja, nikapima kwa kijiti, nikaongeza kidogo kidogo. Injini hiyo pamoja na kichujio huchukua lita 3.7, na si vema kupita alama ya juu, maana yakizidi krenki huyapiga yakafanya povu, na povu halishikilii chuma.

Nilipowasha, taa ya birika ikawaka. Ilikaa hapo kwa sekunde tatu au nne ambazo niliziona ndefu kama mahubiri, kwa kuwa kichujio kipya kilikuwa kikijaa kwanza. Kisha ikazimika. Kijana wangu aliinama na tochi akatazama nati na kichujio: pakavu. Nilizima, tukangoja dakika tano, nikapima tena, nikaongeza kiasi cha kikombe kimoja. Nikachukua kalamu nikaandika juu ya kichujio kipya chenyewe tarehe na namba 98,012, na namba hizohizo nikaziandika katika kipande cha karatasi nilichokibandika chini ya kile cha Kijapani.

MAFUTA MACHAFU

Mzee jirani alikuwa bado pale. Alipoona nayamimina mafuta meusi kwenye mtungi wa zamani, akasema, "Hayo usiyamwage, Karani. Nipe, nipake vigingi vya ua."

Wasomaji wakulima wanajua desturi hiyo. Vigingi vya mikaratusi vikiwekwa ardhini vitupu, mchwa hawaviachi, na mafuta machafu hawayapendi. Mzee huyu ni mtu aliyenisaidia mara nyingi, na siku ileile alikuwa amenishikia tochi. Lakini ua wake unashuka mpaka kwenye kijito ambacho nyumba nane huteka maji yake, na mimi nilikuwa nimekwisha kusoma yaliyomo katika mafuta hayo: vumbi la vyuma lililolika ndani ya injini, na zile sumu nilizozitaja. Mvua huyaosha kutoka kigingini yakaingia udongoni, nayo hayaozi upesi. Wako pia wanaoyapaka ng'ombe vidonda, au mbavuni kuwafukuza kupe. Kwa mnyama ambaye maziwa yake hunywewa na watoto, hilo ni baya zaidi.

Nilimwambia, "Mzee, nisamehe, haya siwezi kukupa." Nilijaribu kumweleza habari za kijito. Akasema baba yake alipaka, naye amepaka miaka arobaini, na hajaona mtu aliyekufa kwa kigingi. Aliondoka bila kuaga, na kwa muda wa juma zima hatukusalimiana ipasavyo. Sijui kama nilisema vizuri siku ile. Baadaye nilimpelekea vigingi vitano vilivyotiwa dawa kiwandani, nikamwambia ni kwa ajili ya upande wa kijito tu. Alivipokea. Upande wa juu bado anapaka anayoyapata kwingine.

Mtungi wangu niliupeleka Nakuru, kwenye kituo kimoja cha petroli kinachopokea mafuta machafu na kuyatoa kwa wakusanyaji wenye leseni ya NEMA. Mengine husafishwa upya, mengine huchomwa katika matanuri ya viwanda. Hawakunitoza kitu. Msomaji asiye karibu na mji aweza kuyahifadhi katika mtungi wenye kifuniko mpaka siku ya safari. Hayaharibiki kuliko yalivyokwisha kuharibika. Asiyatie maji wala petroli wala chochote kingine, maana yakichanganywa hawayapokei.

Nilipita pia kwenye gareji ile, nimebeba kichujio katika mfuko wa karatasi pamoja na risiti saba. Mwenye gareji alikitazama kwa muda, akaita vijana wake mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja akamtaja mwenzake aliyekwisha kuacha kazi. Mwisho akafungua sanduku la fedha akanirudishia bei ya vichujio saba bila kubishana, wala hakuniomba nisimwambie mtu. Nilimwuliza kama naweza kusimama karibu wakati motokaa ya mteja inapofanyiwa kazi. Akasema, "Hakuna aliyewahi kuuliza, Bwana." Nadhani alisema kweli.

Motokaa ilipofika kilomita 103,000 nilirudi kwenye sakafu ya kituo cha maziwa. Safari hii zilitoka lita tatu na robo, kwa kuwa kila Jumapili nilikuwa nimepima kwa kijiti na kuongeza palipopungua. Mafuta yalikuwa meusi, kama nilivyotazamia, kwa sababu injini bado inajiosha. Binamu yangu alikuwa amekuja na motokaa yake, nayo ilikuwa juu ya stendi kando ya yangu. Kichujio chake kilikuwa kipya, kimefungwa pamoja na injini mpya, lakini alitaka kukiona kwa macho yake mwenyewe. Alikaa chini muda mrefu, tukaona miguu yake tu, kisha akaomba spana namba 14.